Kifafa cha Mimba: Tusitafute Mchawi, Tupime Presha



Mama mjamzito anapoanguka, akakaza meno, akatetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu, maneno mengi husemwa nyumbani. Mmoja husema amerogwa na jirani mwenye kijicho. Mwingine husema amepandwa na mashetani. Wengine hudai kwamba ukoo wa huyo mke una mkosi. Maneno hayo yakiendelea, saa zinapita, na mimi naona kwamba saa hizo ndizo zinazoua. Tukielewa ugonjwa huu unaanzia wapi, hatutazipoteza tena.

Unaanzia kwenye kondo la nyuma, majuma mengi kabla mama hajaanguka.

Ndani ya seli za mwili wetu zimo jeni, yaani maagizo ya urithi tuliyopewa na baba na mama. Mojawapo huuagiza mwili kutengeneza protini inayoitwa VEGF. Kazi ya protini hiyo ni kuotesha mishipa ya damu na kuitunza ile iliyopo. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko Marekani waliitenga na kuisoma jeni yake. Mwaka 1996 ilionekana kwamba panya aliyepungukiwa nakala moja tu kati ya mbili za jeni hiyo hufa akiwa bado tumboni, kwa kuwa mishipa yake haijengeki sawasawa.

VEGF hufanya kazi kwa kujishika kwenye kipokezi kilicho juu ya seli za mishipa, mfano wa ufunguo na kufuli. Jeni ya kipokezi kimoja inaitwa FLT1. Kondo la nyuma huitumia jeni hiyo pia kutengeneza vipande vya kipokezi visivyoshikamana na seli yoyote, bali huelea katika damu ya mama. Vikiwa vichache havina neno. Lakini kondo lisilopata damu ya kutosha tangu mimba ikiwa changa huvimwaga kwa wingi. Ni kama makufuli mengi yaliyotupwa njiani: funguo zinanaswa humo kabla ya kufika mlangoni.

Mishipa ya mama ikikosa VEGF huharibika kwa ndani. Presha hupanda. Figo huvujisha protini kwenye mkojo. Ini huumia, macho huona giza, na mwisho ubongo hushindwa kuvumilia. Ndipo kifafa huja. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, akiwemo Daktari Ananth Karumanchi, waliwapa panya wenye mimba vipande hivyo vya kipokezi, nao wakapata presha na protini kwenye mkojo. Tena, wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa ya kuzuia VEGF, iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2004, baadhi yao hupata dalili hizo hizo mbili. Je, nao wamerogwa?

Kuhusu lawama kwa mke, akina baba wasikilize. Kondo la nyuma hukua kutokana na mtoto, na mtoto hubeba urithi wa pande mbili. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa Ulaya ulionyesha kwamba tofauti fulani za urithi karibu na jeni ya FLT1 ya mtoto, si ya mama, huongeza hatari ya ugonjwa huu. Kwa hiyo anayesema "ukoo wa mke ndio wenye balaa" hana msingi.

Tufanye nini basi? Mama aanze kliniki mapema, mara anapojua ana mimba, asingoje tumbo lionekane. Kila anapokwenda apimwe presha na mkojo. Asipopimwa aulize kwa heshima, ni haki yake. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni onyo, hata kama mama anajisikia mzima. Aliyewahi kupata ugonjwa huu, mwenye presha ya zamani, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha amweleze mkunga mwanzoni kabisa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba walio katika hatari kubwa wapewe aspirini ya miligramu 75 kila siku, ianzwe kabla ya juma la 20. Lakini asijinunulie dukani. Aandikiwe na mganga.

Kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafula: hizo ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Akianguka, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, kisha mkimbizeni. Hospitali ipo sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti wa mwaka 2002 uliohusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Tiba yenyewe ni kujifungua, ili kondo litoke. Hata hivyo, hatari haiishi siku hiyo. Mama aendelee kupimwa presha majuma sita baada ya kujifungua.

Akina baba, wekeni nauli ya hospitali kando tangu mwezi wa kwanza wa kliniki. Akina mama wakwe, mwacheni binti aende kupimwa hata siku ya palizi. Kipimo cha presha huchukua dakika chache tu, na jembe litamngoja.