Tuandamane nao, tusiwatazame tu

Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, wako Wakenya wanaoingia barabarani na mabango kupinga unyanyapaa dhidi ya wagonjwa wa akili. Tunawaunga mkono kwa dhati.

Anayetembea mchana kweupe akisema amewahi kulazwa Mathari anahatarisha mengi: kazi, uchumba, hata heshima mbele ya jamaa zake. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianza mwaka 1910, na hadi leo jina lake hugeuzwa tusi vijiweni. Mtu akipandwa na hasira kidogo, huambiwa ametoroka Mathari. Ndiyo maana zipo familia zinazomficha mgonjwa chumbani au kumzungusha kwa waganga, na dawa ambazo zingemtuliza hazipati mpaka hali imeharibika.

Sheria yenyewe ilichangia aibu hii. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Ulikuwa uamuzi wa haki, uliochelewa mno.

Sasa kaunti zihakikishe dawa za magonjwa ya akili zinapatikana katika vituo vya afya vya karibu. Mgonjwa wa Turkana au Lamu asilazimike kuzifuata Nairobi. Nanyi waajiri, mashehe, wachungaji na wazee wa mitaa, msisubiri kualikwa. Oktoba ijayo tokeni mwandamane nao, na aliyepata nafuu mrudishieni kazi yake.