Ofisi Mpya na Wale Watakaozitumia

Katika lugha yetu neno baraza lina maana mbili: ni kile kikalio cha mawe mbele ya nyumba, ambapo mgeni huketi kivulini, tena ni mkutano wa wazee wa mji. Wazee wa pwani walijua ya kuwa shauri halikatwi vema na watu waliosimama juani.

Twayakumbuka haya kwa kuwa halmashauri kadha wa kadha hapa Tanzania zinajenga ofisi mpya. Serikali za Mitaa zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Nyingine hata leo hukaa katika nyumba za zamani, na haja ya kujenga ni ya kweli. Swali letu ni jinsi ya kujenga.

Tumeiona ofisi ya halmashauri moja, tusiyoitaja jina, ambayo vioo vyake vimeelekea magharibi. Tangu saa nane mchana jua huingia hata juu ya meza za makarani. Madirisha hayafunguki. Umeme ukikatika, watumishi hutoka wakaketi chini ya mwembe, na mafaili hubaki ndani peke yake. Nao raia waliokuja kulipia leseni husimama uani, wazee kwa wajawazito, maana aliyechora ramani hakuwachorea mahali.

Katika nchi iliyo karibu na ikweta, yafaa ubavu mrefu wa nyumba uelekee kaskazini na kusini, na ule mfupi ndio upokee jua la asubuhi na la jioni. Paa litokeze mbele, dari iwe juu, madirisha yakabiliane ili upepo upite. Mambo haya hayataki fedha nyingi, bali yataka kufikiriwa kabla msingi haujachimbwa. Nyumba haigeuzwi kama kitanda.

Wapo wenzetu wasemao ya kuwa ofisi bila kiyoyozi haina heshima. Hatuwalaumu, na chumba cha mitambo ya kompyuta chahitaji ubaridi kweli. Walakini bili ya umeme hulipwa kila mwezi, katika fungu lile lile linalonunua karatasi. Huko Harare jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996, lilichorwa na Mick Pearce kwa kufuata mfano wa kichuguu: hewa ya usiku huingizwa ipoze zege, na joto la mchana hupanda na kutoka kwa dohani. Mchwa, ambao sisi twawajua kwa kula majalada tu, walikuwa na la kutufundisha.

Kuna na haki za watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama anyonyeshaye nafasi ya kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, hata saa mbili kwa siku. Lakini amnyonyeshe wapi? Katika stoo, kati ya makabati? Na tangu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ngazi isiyo na njia ya mteremko kando yake haina udhuru. Mtu wa kiti cha magurudumu huja kwetu kama mlipa kodi, tena huja kama karani mwenzetu.

Kwa hiyo twawasihi makatibu wa matawi: kila mahali panapokusudiwa kujengwa, ombeni kwa adabu kuonyeshwa ramani. Mwendapo, mchukueni karani wa masjala, aonyeshe majalada yatakaa wapi, na tarishi, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mstari wa watu huishia wapi siku ya Jumatatu. Kisha andikeni maoni yenu kwa Mkurugenzi, na nakala mtuletee sisi pamoja na ada, ambazo matawi mengine hayajaleta bado. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na madiwani hupitisha makadirio mapema kuliko hapo. Barua itakayofika mwezi wa Juni itawekwa jaladani tu.