Mahindi Yenye Kuvu na Ini la Mwenye Njaa
Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaua watu 125 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui. Ini huidhibiti sumu hiyo kwa kinga iitwayo glutathioni, ambayo mwili huiunda kutokana na protini. Aliyekosa maharage, mayai na samaki kwa muda mrefu ana akiba haba ya kinga hiyo. Ikipungua mno, sumu hushambulia seli za ini lenyewe. (Wapo wasemao kupika kunatosha, joto la jikoni haliiondoi.) Kumwambia maskini alitupe debe lake la mwisho bila kumpa jingine ni dharau. Halmashauri ya walei na ianze na ghala la parokia: maturubai ya kuanikia, na akiba ya kubadilishana na mahindi yaliyoharibika.