Waliimba pamoja, kila mtu na bara lake

Mwaka 1976 Elton John alirekodi sauti yake ya "Don't Go Breaking My Heart" akiwa Toronto, Kanada. Mwimbaji mwenzake, Kiki Dee, akaja kuingiza yake London. Na ili bibie ajue mistari yake ni ipi, Elton alimwimbia na sehemu zake kwenye kanda aliyotumiwa! Hebu mfikirie Kiki studio, anamsikiliza mwanaume anajibembeleza halafu anajijibu mwenyewe.

Maneno ni ya Bernie Taupin, lakini kwenye sahani yeye na Elton wakajiandika kwa majina ya mzaha: Ann Orson na Carte Blanche. Walikuwa wakiiga ladha ya Motown, ya kina Marvin Gaye na Tammi Terrell. Wimbo ukakaa namba moja Uingereza wiki 6, mara ya kwanza kwa Elton kufika hapo nyumbani kwao. Peke yake alisubiri hadi 1990.

Sasa wale wanaolalamika kwamba kolabo za kutumiana mafaili hazina mapenzi ndani yake, huu nao wanausemaje?