Daftari la Tatu Lisisahauliwe

Wengi wetu tunaojifunza kutunga programu za kompyuta hupenda kuanza na fomu ya kuchagua masomo, tukidhani ni kazi nyepesi. Kwa maoni yangu, fomu hiyo ndiyo impimayo mtungaji, kwa kuwa mwanafunzi mmoja husoma masomo mengi, na somo moja husomwa na wanafunzi wengi.

Wengine huandika masomo yote katika nafasi moja mbele ya jina: Fizikia, Kemia, Biolojia. Siku mwalimu wa Kemia atakapotaka orodha ya wanafunzi wake, itabidi kila mstari upekuliwe. Na yule aliyeandikiwa "Kemya" hataonekana.

Sisi wa Ilula hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mkulima mmoja wa nyanya huwauzia wachuuzi wengi, na mchuuzi mmoja hununua kwa wakulima wengi. Mwenye busara haandiki mauzo hayo katika orodha ya wakulima, wala ya wachuuzi. Huweka daftari la tatu: nani kamwuzia nani, matenga mangapi, kwa bei gani. Ndivyo ifaavyo katika kompyuta: jedwali la wanafunzi, jedwali la masomo, na la tatu la kuunganisha, ambamo kila mstari una namba ya mwanafunzi mmoja na namba ya somo moja. Msingi wa mpango wa majedwali ya namna hii ulielezwa na E. F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970.

Hata hivyo, fomu ina mitego miwili. Kwanza, mwanafunzi mpya hana budi kuhifadhiwa na kupata namba yake, ndipo masomo yake yaandikwe. Pili, kisanduku kisichotiwa alama hakipelekwi kabisa. Mwanafunzi akiacha Fizikia, programu isiyolinganisha orodha mpya na ya zamani itaendelea kumhesabu humo. Tena mabadiliko yote yaandikwe kwa pamoja; moja likishindikana, yote yarudishwe.

Labda mtu atasema haya ni ya mafundi tu. La, hasha! Jina likikosekana katika orodha ya somo wakati wa kuandikishwa kwa mtihani wa Taifa, aumiaye ni mtoto na mzazi wake, si kompyuta. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali.