Nani Abadilishe Betri ya Kompyuta ya Mpiga Mbizi?

Mpiga mbizi ashukaye baharini na mtungi wa hewa siku hizi huvaa mkononi chombo mfano wa saa kubwa. Chombo hicho hupima kina na muda, hukadiria naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake, na humwonyesha apande lini na kwa mwendo gani. Hesabu za namna hiyo zina asili yake katika majedwali ya John Scott Haldane, yaliyotolewa Uingereza mwaka 1908. Tangu miaka ya 1980 kompyuta imekuwa ikizikokotoa humohumo majini. Nyingi kati ya kompyuta hizo huendeshwa na betri ya volti 3, yenye umbo la sarafu.

Betri ikiisha, ubishi huanza. Wako wasemao kuwa chombo hakina budi kupelekwa kwa fundi aliyeidhinishwa. Wengine hulalamika kwamba fundi hutoza fedha nyingi, tena hukaa na chombo majuma kadhaa, kwa kazi ya dakika tano. Pande zote mbili hubishana juu ya nani ashike bisibisi, na pete ya mpira izibayo kifuniko husahauliwa.

Katika kina cha meta 30, kanieneo ya maji huizidi ile ya hewa iliyomo ndani ya chombo kwa takriban kilo 3 katika kila sentimita ya mraba. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 3 basi hukandamizwa kwa uzito upitao kilo 20. Uzito huo wenyewe husaidia, kwa kuwa huibana pete katika mfereji wake, mradi pete iwe safi na nzima. Unywele mmoja, chembe ya mchanga, au uzi wa kitambaa kilichotumiwa kupangusia, hutosha kuyapa maji njia. Na maji ya chumvi yakishaingia huila mitambo. Ndiyo maana pete kuukuu hutupwa, na mpya hupakwa grisi kidogo sana ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Hayo si magumu kwa mtu mwenye macho na subira, iwapo chombo chenyewe kimeundwa ili kifunguliwe na mwenyewe.

Lililo gumu ni kujua kama kazi imefaulu. Karakana nzuri hukitia chombo katika chungu maalumu, huongeza kanieneo hadi kiasi cha kina kirefu, kisha huchunguza kama kinavuja. Hapo ndipo ilipo thamani ya ujira wa fundi. Fundi asiye na chungu hicho hamzidi sana mpiga mbizi mwangalifu, hata akiwa na cheti ukutani, na yafaa aulizwe kabla ya kulipwa. Kuchovya chombo katika ndoo hakuthibitishi lolote kuhusu meta 30.

Tena kuna suala la kumbukumbu, ambalo hata mafundi hulipuuza. Baadhi ya kompyuta zikitolewa betri hupoteza hesabu ya naitrojeni. Aliyezamia asubuhi, akabadilisha betri adhuhuri, alasiri huhesabiwa na chombo kama mtu asiyegusa maji siku hiyo. Kumbe naitrojeni ingalimo mwilini, nayo ikigeuka vipovu huumiza viungo, au hata uti wa mgongo. Huyo angoje siku nzima, au zaidi kama kitabu cha chombo kinavyoagiza.

Kwa waongozao watalii chini ya maji huko Pemba na Mafia, chombo ni nyenzo ya kazi ya kila siku, na kukikosa kwa majuma ni hasara kubwa. Hao wangefaa kuchagua kompyuta ambazo chumba cha betri kimetengwa kabisa na mitambo, hata maji yakiingia yaharibu betri tu. Na vituo vilivyo jirani vingeweza kuchanga fedha, vikanunua chungu kimoja cha kupimia, kikatunzwa na mtu mmoja aliyefunzwa kukitumia.