Mababu Waliwinda, na Wanyama Waliisha

Katika vijiji vinavyopakana na Msitu wa Nyungwe, kuanzia Bweyeye hadi Nkungu hapa wilayani Rusizi, Rwanda, kauli moja haikosi msemaji: "Mababu zetu waliwinda miaka yote, na wanyama hawakuisha." Kiangazi kikiingia, kaka mtu, shemeji na marafiki wawili watatu huchukua mbwa, mapanga na bunda la waya, wakaingia msituni. Wakikamatwa, utetezi wao ni kauli hiyo, na wa kuwatetea hawakosekani, wakisindikiza kwa methali kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nasema wazi: kauli hiyo ni ya uongo, na kila mwaka tunaoendelea kuiamini tunazidi kuulipia.

Wanyama waliisha. Nyati wa mwisho wa Nyungwe aliuawa katika miaka ya 1970. Tembo, waliokuwa wakishuka kwenye bwawa la Kamiranzovu makundi kwa makundi, walimalizwa na majangili. Wa mwisho alikufa mwaka 1999. Kijana wa Cyangugu aliyezaliwa baada ya hapo hajapata kuona tembo katika msitu wa kwao, na huenda asimwone kamwe. Huwezi kusimama pembeni mwa Kamiranzovu leo ukasema uwindaji haumalizi wanyama.

Na mnyama akitoweka, haondoki peke yake. Nyungwe imevamiwa na mtambaazi uitwao Sericostachys scandens, ambao hufunika miti michanga isipate mwanga. Watafiti wanahusisha kuenea kwake na kutoweka kwa tembo waliokuwa wakiukanyaga na kuula. Ng'ambo ya mto Rusizi, katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega karibu na Bukavu, ambako tembo wa milimani waliangamizwa wakati wa vita vya miaka ya 1990, mtambaazi huohuo umetanda vilevile.

Tena ni kuwasingizia mababu kusema kwamba waliwinda hivi tunavyowinda sisi. Wao walikwenda na mkuki, upinde na mbwa waliofungwa njuga shingoni. Mnyama waliyemwua walikuwa wamemwona kwa macho. Walikuwa na miiko: watu wa ukoo wa Abazigaba walimheshimu chui, wa ukoo wa Abungura walimheshimu funo yule mdogo wa msituni wamwitaye ifumberi. Walikuwa pia wachache. Sensa ya 1978 iliwahesabu Wanyarwanda milioni 4.8, ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 13. Nchi haikuongezeka hata shubiri moja, na msitu ulipungua.

Sisi tunatega waya. Waya haulali wala hauchagui. Hunasa funo mwenye mimba, nguruwe mwitu na mtoto wa sokwe mtu kwa namna moja. Aliyeutega akiugua, akisafiri au akisahau alikoufunga, waya hubaki ukiendelea kuua, na nyama inaoza bila kuliwa na mtu. Huko Budongo, Uganda, watafiti wamekuwa wakiandika kwa miaka mingi habari za sokwe mtu waliopoteza vidole, viganja na nyayo kwa mitego iliyotegewa wanyama wengine. Sasa fikiria kipande chetu cha Cyamudongo, eneo la kilomita za mraba zisizofika tano, lililozungukwa na mashamba pande zote, ambamo kundi dogo la sokwe mtu limebanwa bila njia ya kutokea. Humo mtego mmoja unatosha kuwa msiba.

Wapo watakaosema watu wanawinda kwa sababu ya njaa. Umaskini upo, sitaukana. Lakini mwenye njaa ya leo hapotezi siku tatu msituni akifuata funo ambaye huenda hayupo. Nyama nyingi inayotoka humo hailiwi na watoto wa mwindaji. Inauzwa kimyakimya kwa wenye fedha, na anayelala mahabusu ni yule aliyeibeba. Kama kuna watu wenye haki ya kutaja msitu kuwa ndio uhai wao, ni Batwa. Wao waliutegemea msitu kwa nyama, asali na dawa, wakaondolewa wakabaki bila ardhi. Madai yao yanastahili kusikilizwa na kulipwa. Mfanyabiashara wa nyamapori asijifiche nyuma ya migongo yao.

Siku hizi imeongezeka hoja nyingine, inayotokana na video za simu: mbona Wamarekani wanakwenda na wake, watoto na marafiki zao kuwinda elki, mnyama wa jamii ya ayala, na hakuna anayewaita majangili? Historia yao ndiyo inayoivunja hoja hiyo. Wao pia waliamini kwamba wanyama hawaishi. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, elki waliokuwa mamilioni walikuwa wamebaki chini ya 100,000, na aina iliyoishi mashariki mwa nchi ilikuwa imetoweka kabisa. Ndipo wakafunga uwindaji sehemu nyingi, wakaweka vibali na misimu, wakawahesabu wanyama kabla ya kuamua wangapi wauawe. Tangu 1937 sheria yao hutoza kodi bunduki na risasi, na fedha hizo huenda kwenye uhifadhi. Leo wana elki wapatao milioni moja. Familia ile unayoiona kwenye video imelipia kibali na imepangiwa msimu. Kwanza walijinyima, wakajinyima kwa miongo mingi.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza kungoja. Hapa Ziwa Kivu, kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane. Wavuvi wa Kamembe na Nkombo hulalamika, kwa kuwa miezi hiyo ni migumu, lakini wanajua ziwa lisilopumzishwa halilishi mtu. Kwa nini tukubali hivyo ziwani tukatae msituni, ambako funo huzaa mtoto mmoja tu kwa mkupuo?

Anayedhani kilichopotea kitarudi chenyewe aitazame Hifadhi ya Akagera. Simba waliangamizwa huko baada ya 1994. Kuwarudisha, mwaka 2015, ilibidi wasafirishwe kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Faru weusi wakafuata mwaka 2017 kwa njia hiyohiyo. Nyungwe, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO Septemba 2023, haiwezi kuendeshwa kwa kuharibu upande huu na kununua upande ule.

Lakini msitu haulindwi kwa kuwakamata watu peke yake. Nyani wakimaliza mahindi ya mjane wa Bweyeye, fidia imfikie kabla ya msimu mwingine wa kupanda. Tangu 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zetu imetengwa kwa jamii zinazozizunguka. Wananchi waonyeshwe fedha hizo zimejenga nini na wapi, na familia za Batwa ziwe za kwanza kufikiwa. Viongozi wakitimiza hayo, watakuwa na uso wa kumwambia mwananchi aache waya.

Na wewe ndugu yangu uliye na waya msituni sasa hivi, usingoje askari wa hifadhi. Nenda kautegue. Wazee, acheni kuwaambia wajukuu kwamba wanyama hawakuisha, kwa sababu ninyi mnakumbuka tembo na wao hawana tembo wa kumkumbuka. Waambieni ukweli: waliisha, na waliobaki wataisha vivyo hivyo tusipoacha.